PESA ZA SHULE ZETU: ZATOKA WAPI, NA ZAENDA WAPI?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa Tawi la Kisumu. Twaipiga chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu.)

Ndugu Wanachama, akina mama, na nyinyi wageni wetu mliotoka Dunga na pande nyingine za ufuoni,

Tumeombwa kusema juu ya pesa za shule. Huenda mtu akauliza, chama cha wafanya kazi kina shughuli gani na mambo hayo? Je, kazi yetu si mishahara na saa za kazi? Jibu letu ni fupi. Tukipigania nyongeza ya shilingi elfu moja kwa mwezi, tukaipata, kisha mwezi wa Januari tukadaiwa elfu nne za mchango wa shule, nyongeza ya miezi minne imekwisha kabla hatujanunua hata kilo moja ya sukari. Mwenye kulinda mshahara lazima ajue pia unakokwenda.

Kila mwanzo wa muhula wako wanachama wanaokuja kutuuliza kama chama chaweza kuwaombea mshahara wa mbele kwa tajiri. Sababu huwa ni ile ile: mtoto amerudishwa nyumbani. Basi leo tutaeleza pesa za shule ya Serikali zatoka wapi, zapungukia wapi, na sisi tufanye nini.

PESA ZATOKA WAPI

Shule ya Serikali hupata pesa kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni mishahara ya waalimu walioajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, yaani TSC. Pesa hizi hazipiti shuleni. Hutoka Hazina mpaka kwa mwalimu mwenyewe. Ndizo nyingi kuliko zote.

Njia ya pili ni ruzuku, yaani pesa ambazo Serikali hutoa kwa hesabu ya vichwa vya watoto. Mpango huu katika shule za msingi ulianza mwaka 2003, kwa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka: 650 za vitabu na vifaa vya masomo, na 370 za matumizi mengine ya shule. Baadaye kiwango kikawa 1,420. Katika sekondari za kutwa mpango ulianza mwaka 2008 kwa shilingi 10,265, na mwaka 2018 kiwango kikawa 22,244. Sekondari Msingi, ndiyo gredi ya 7 mpaka ya 9, ilipoanza mwaka 2023 ilipangiwa 15,042. Ruzuku hugawanywa mara tatu: nusu muhula wa kwanza, thelathini kwa mia muhula wa pili, na ishirini kwa mia muhula wa tatu.

Njia ya tatu ni pesa za majengo. Tangu mwaka 2003 madarasa mengi yamejengwa kwa Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge, ndiyo maana mwaona jina la mfuko huo limeandikwa ukutani kwa rangi. Watoto wadogo wa chekechea wako chini ya Kaunti, kwa Katiba ya mwaka 2010. Lakini msingi na sekondari ziko chini ya Serikali Kuu. Yafaa kila mwanachama ajue tofauti hii, ili asipeleke malalamiko kwenye mlango usio wake.

Njia ya nne ni wewe, mzazi. Sare ni yako. Chakula cha mchana ni chako. Na kila pengo linalobaki katika njia tatu za kwanza hujazwa na wewe kwa jina la mchango.

Wala tusisahau kwamba njia tatu za kwanza pia ni sisi. Hazina haina shamba. Pesa zake zatoka katika kodi inayokatwa kwenye mshahara wa kuli na wa karani, na katika kodi ya sabuni na ya mafuta ya taa anayonunua mama wa soko la Kibuye. Mzazi anapodaiwa shuleni, anadaiwa mara ya pili.

AHADI HII NI YA ZAMANI

Watu wa ufuo huu walianza zamani kudai shule. Maseno ilianzishwa mwaka 1906 na wamisionari wa CMS. Mwezi wa Desemba 1921 wazee wetu walikutana Lundha, katika Gem, ukaanza Umoja wa Vijana wa Kavirondo, ambao wengi wanaujua kwa jina la Piny Owacho. Katika madai yao walitaka kodi ya nyumba ipunguzwe na kipande kiondolewe, na walitaka shule ya Serikali. Waliona wazi kwamba watu wanaotozwa kodi wana haki ya kuuliza kodi hiyo yawarudishia nini. Halafu, tangu miaka ya 1920, Mabaraza ya Wenyeji yakakusanya pesa nyingine kwa watu wale wale kwa ajili ya shule.

Uhuru ulipokuja, KANU iliahidi elimu ya msingi bila malipo. Tume iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa Nyanza, iliunga mkono shabaha hiyo mwaka 1964. Lakini mabaraza ya wilaya hayakuwa na pesa za kutosha, na mwaka 1970 Serikali Kuu ikayaondolea kazi ya elimu ya msingi. Kabla ya hapo, mwaka 1967, TSC ilikuwa imekwisha kuundwa ili waalimu wawe na mwajiri mmoja. Hilo lilikuwa dai kubwa la chama chao, KNUT, kilichoundwa mwaka 1957. Tukumbuke jambo hilo. Mwalimu alikuwa akiajiriwa na misheni hapa na baraza pale, kwa masharti mbalimbali. Umoja wa wafanya kazi ndio uliompatia mwajiri mmoja.

Sasa sikilizeni yaliyotokea baadaye, maana ndani yake mna fundisho. Mwezi wa Desemba 1973 Rais Kenyatta alitangaza kwamba darasa la kwanza mpaka la nne halitalipiwa karo. Mwaka uliofuata watoto wa shule za msingi waliongezeka kutoka milioni 1.8 hivi mpaka milioni 2.8. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini karo ilipoondolewa shule hazikupewa pesa za kutosha mahali pake, na watoto wale walihitaji madarasa. Basi ukaja mchango wa majengo. Mahali pengi mchango huo ulipita ile karo ya kwanza, na watoto wengi wakaacha shule. Karo ilitolewa kwa mlango ikaingia tena kwa dirisha, imebadili jina tu.

Mwaka 1988 ukaja mpango wa kugawana gharama, na mzazi akaongezewa mzigo waziwazi. Mwaka 2003 karo ya msingi ikaondolewa tena, na watoto wakapanda kutoka milioni 5.9 hivi mpaka milioni 7.2. Swali letu la leo ni hili: je, dirisha lile limefungwa?

HESABU YA SHULE MOJA

Tupige hesabu, kila mtu aifuate kwa vidole vyake.

Chukua shule ya msingi yenye watoto 300. Kila mmoja ana 1,420. Jumla ni shilingi 426,000 kwa mwaka, yaani 35,500 kwa mwezi. Ukigawanya 1,420 kwa siku 190 hivi za masomo, kila mtoto ana shilingi 7 na senti kadha kwa siku. Hazitoshi kumnunulia mandazi moja ya shilingi kumi. Kwa pesa hizo shule inunue chaki na karatasi, ilipe maji na umeme, itengeneze choo kilichobomoka, na imlipe mlinzi wa usiku. Mlinzi mmoja tu, akilipwa mshahara wa chini uliowekwa na sheria kwa mji kama Kisumu, hula karibu nusu ya zile 35,500.

Sasa chukua sekondari ya kutwa yenye wanafunzi 400. Kwa 22,244 kila mmoja, haki yake ni shilingi 8,897,600 kwa mwaka. Mwezi wa Julai 2025 Waziri wa Fedha, Bwana John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba bajeti haiwezi kubeba kiwango hicho, na kwamba iliyopo yatosha kiasi cha shilingi 16,900 kwa mwanafunzi. Wananchi walipopiga kelele, Serikali ilisema elimu ya bure haikuondolewa. Sawa. Lakini hesabu haijui maneno. Wanafunzi 400 kwa 16,900 ni 6,760,000. Pengo ni shilingi 2,137,600 katika shule moja. Ukiligawanya kwa watoto wale 400, kila mtoto apungukiwa na 5,344. Ndugu, mkiletewa barua ya mchango wa elfu tano, sasa mwaweza kukisia ilikozaliwa.

Wala jambo hili si la mwaka mmoja. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Bibi Nancy Gathungu, alitoa ripoti maalum juu ya pesa hizi. Alionyesha kwamba katika miaka minne ya fedha, kutoka 2020/21 mpaka 2023/24, shule zilipewa pungufu ya haki yao kwa kiasi cha shilingi bilioni 117. Kwa kiwango cha 22,244, pesa hizo zingewalipia wanafunzi zaidi ya milioni tano kwa mwaka mzima. Na ripoti ile ile ilionyesha kwamba pesa nyingine zilitumwa kwa shule zisizokuwapo. Shule zilizopo zapunguziwa, na zisizokuwapo zalipwa!

MAMBO YA UFUONI

Hesabu ya vichwa ina shida nyingine, ambazo watu wa ziwa wazijua zaidi.

Ruzuku humfuata mtoto aliyeandikwa katika mtambo wa Wizara, na katika kumwandika kimetumiwa cheti cha kuzaliwa. Lakini wavuvi wa omena huhama. Leo wako Usenge, mwezi ujao wako Mbita au visiwani, na watoto wako nao. Mtoto asiyeandikwa hukaa darasani, hukalia dawati, hutumia chaki, lakini katika hesabu ya Nairobi hayupo. Shule humfundisha kwa pesa za wenzake. Basi mzazi anayekawia kumtafutia mtoto cheti huenda akaipunguzia shule nzima.

Pili, mafuriko. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipopanda sana, shule kadha za ufuoni na za bonde la Nyando ziliingiwa na maji. Shilingi za kila kichwa ni zile zile, shule ikiwa kavu mlimani au ikiwa imesimama majini.

Tatu, watoto wa Nyalenda, Manyatta na Obunga. Wengi wao husoma katika shule ndogo za watu binafsi, kwa sababu shule za Serikali ziko mbali au zimejaa. Wazazi wao ni maskini kuliko wengi wetu, nao hulipa karo kamili, na bado hulipa kodi ya kusomesha watoto wa wengine.

JE, TUKATAE MICHANGO YOTE?

Hapa ndugu wengine husema, “Basi tukatae. Elimu ni bure, hatulipi kitu.” Twaelewa uchungu wao. Lakini sisi ni chama cha wafanya kazi, na yatupasa kuuliza mchango ule wamlipa nani.

Nendeni jikoni mwa shule. Yupo mpishi. Langoni yupo mlinzi. Ofisini yupo karani wa hesabu. Darasani yupo kijana aliyehitimu ualimu, asiyeajiriwa na TSC, ambaye Bodi ya shule imemwajiri kwa sababu waalimu hawatoshi. Watu hawa hawalipwi na TSC. Wanaishi kwa ruzuku na kwa michango. Ruzuku ikichelewa wiki sita, wao ndio wanaongoja wiki sita. Wengi wao hupata chini ya mshahara wa sheria, na hawana chama. Tukikataa michango yote kwa siku moja, Hazina haitaumia hata kidogo. Atakayeumia ni mpishi yule, ambaye ni mfanya kazi kama sisi, na mtoto wake naye anadaiwa mchango katika shule nyingine.

Wala tusimfanye Mwalimu Mkuu kuwa adui. Wako wanaokula pesa, na hao yafaa washtakiwe. Lakini wengi wao wamewekwa kati ya Hazina isiyolipa na mzazi asiye na kitu, na mwenye duka la unga amesimama mlangoni na deni lake.

Basi msimamo wetu ni huu. Pengo lilipwe na aliyelifanya, ndiye Serikali Kuu. Na mpaka lilipwe, kila senti ya mchango iidhinishwe kwa sheria, iandikwe, na isomwe mbele ya wazazi. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.

SHERIA YASEMA NINI

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, ina maneno manne ambayo kila mwanachama ayashike.

Kwanza, shule ya Serikali haina ruhusa ya kutoza karo ya masomo kwa mtoto wa Kenya.

Pili, michango mingine yaweza kuwapo kwa idhini ya Waziri, akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mwalimu Mkuu peke yake hawezi, na mkutano wa wazazi peke yake hauwezi.

Tatu, hata mchango ukiwa umeidhinishwa, mtoto asizuiwe kusoma kwa sababu hajaulipa.

Nne, mtu ye yote asipokee mchango bila kutoa risiti rasmi.

Tena sheria hiyo imewapa wazazi viti 6 katika Bodi ya kila shule. Viti hivyo vipo. Mara nyingi hukaliwa na watu waliochaguliwa katika mkutano wa wazazi kumi na watano, maana wengine wote tulikuwa kazini. Na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuandika barua kwa ofisi ya umma akiomba hesabu zake, na ofisi ina siku 21 za kujibu.

TUFANYE NINI

Halmashauri ya Tawi yawaletea wanachama mambo matano.

1. Wanachama wenye watoto katika shule moja wajuane, na kabla ya uchaguzi wa wazazi wachague mmoja wao asimame. Chama kitaandika barua kwa matajiri kuomba wapewe ruhusa ya saa chache siku ya mkutano.

2. Katika kila mkutano wa shule waulize maswali matatu tu, kwa heshima: Ruzuku ya muhula huu imefika kiasi gani, na siku gani? Imetumiwa kwa nini? Na deni la shule ni kiasi gani, na kwa nani? Wakijibiwa, waombe majibu hayo yabandikwe katika ubao wa matangazo, kila muhula.

3. Asilipe mtu bila risiti. Na risiti itunzwe, isifungiwe sukari.

4. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango, mzazi asikae kimya wala asiende kupiga kelele peke yake. Aje na barua ya shule katika ofisi ya Tawi. Tutamwandikia Mwalimu Mkuu kwa adabu tukitaja kifungu cha 29. Asipojibu, tutakwenda kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti.

5. Wapishi, walinzi, makarani na waalimu wa Bodi waalikwe katika mkutano wetu ujao. Tukiwatetea wazazi bila wao, tutakuwa tumehamisha njaa kutoka nyumba moja mpaka nyumba nyingine.

Pamoja na hayo, katika kila mazungumzo na wabunge wetu, chama kitauliza jambo moja: kiwango kilichotangazwa kililipwa chote, au hakikulipwa? Mbunge aliyejenga darasa moja na kuandika jina la mfuko ukutani aulizwe pia alipigaje kura bajeti ilipopunguza ruzuku ya madarasa yote.

Ndugu Wanachama, wazee wa Lundha hawakuwa na sheria ya mwaka 2013, wala mkaguzi wa hesabu, wala viti sita. Walikuwa na swali lao tu, nao wakaliuliza. Sisi tunavyo vyote hivyo. Kilichobaki ni kuhudhuria. Mikutano ya wazazi ya muhula huu imekaribia. Kila mmoja aangalie tarehe ya shule yake, aiandike, na amwambie jirani.

Umoja ni nguvu.

Halmashauri ya Tawi, Kisumu